Redio, Fundi Marumaru Aliyechana kwa Kinywa cha Mwenzake

Ndugu, majirani, mafundi wenzake wa marumaru, na nyinyi mliokuja na kamera: poleni na ahsanteni kwa kufika. Maneno haya yameandikwa na dada yake mkubwa wa marehemu, na ni yeye huyu anayeyasoma. Kiongozi wa shughuli amemwomba mambo mawili: awe mfupi, na asimkwaruze mtu. La ufupi atajitahidi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Redio, alizaliwa tarehe 9 Machi 1983 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la mbao. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa baba fundi magari na mama dobi wa hospitali. Mama anasema alikuja duniani akilia, hakunyamaza mpaka alipojifunza kuongea, na alipojifunza kuongea ndiyo ikawa balaa kabisa.

Jina la Redio alilipata mapema. Redio ya nyumbani ilikufa, baba akaipeleka kwa fundi, na fundi naye akaingia mitini nayo. Siku ya mechi kubwa, mtoto huyu alikwenda kusikiliza kwa kinyozi, akarudi mbio, akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuutangaza mpira wote upya, pamoja na kelele za mashabiki na tangazo la sabuni wakati wa mapumziko. Uani hapakuwa na pa kukanyaga. Tatizo ni kwamba timu ya baba ilikuwa imefungwa, na mtangazaji akaona haya kumvunja moyo mzee wake, basi akaipa ushindi. Kesho yake baba alikwenda gereji kifua mbele kuwatambia wenzake, akarudi amenywea. Alipomuuliza kwa nini alidanganya, mtoto akasema, "Sikudanganya, baba. Niliurekebisha." Baba alikuwa ameshashika mkanda, lakini kicheko kilimshinda, akauweka chini.

Alisoma shule ya msingi iliyo hatua chache kutoka kwetu kuanzia mwaka 1990, kisha sekondari ya kutwa, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka 2000. Huko ndiko alikokaa dawati moja na kijana mrefu, mtanashati, mwenye meno ya kupigia picha, ambaye leo nchi nzima inamwita Msumari. Yuko hapa, kiti cha mbele, na miwani yake. Karibu, kaka.

Wakati huo hip hop ndiyo ilikuwa imewapanda vijana kichwani, na Redio alikuwa akigeuza kila kitu kuwa mistari. Aligeuza somo la viumbe hai kuwa vina, kuanzia mshipa mkubwa wa damu hadi utumbo mwembamba, darasa zima likawa linachana, yaani linaghani kwa mdundo, viungo vya mwili huku likipiga madawati. Mtihani ulipokuja, wenzake walifaulu somo hilo vizuri kuliko miaka yote. Yeye alipata alama za aibu, kwa sababu mapumziko yote alikuwa anawatungia wengine mada walizoshindwa kukumbuka. Mwalimu alimwita ofisini akamwambia, "Wewe kijana una akili za kugawa. Sijui lini utabakiza zako." Redio aliisimulia hadithi hiyo nyumbani kama sifa, na sote tukacheka naye.

Mwaka 2003 vijana hawa wawili waliingia kwenye shindano katika ukumbi wa jamii. Walipanda pamoja, wakachana pamoja, wakashinda. Mtayarishaji mmoja wa muziki aliwafuata nyuma ya jukwaa. Alikuwa na nafasi ya kurekodi msanii mmoja tu. Aliwatazama wote wawili juu mpaka chini kama mtu anayechagua kuku, akamwambia Msumari, "Wewe una sura." Kisha akamgeukia ndugu yetu. "Na wewe una maneno. Sasa kuna ugumu gani hapo? Gawaneni kazi."

Redio hakununa. Alikuwa na imani ya ajabu na watu, imani ambayo dada yake aliipigia kelele mpaka koo likauma. Alimwambia mwenzake, "Tangulia wewe. Ukishafungua mlango, nami nitaingia." Msumari alimkumbatia, wakala kiapo kwamba hakuna atakayejua nani anatunga, mpaka zamu ya Redio itakapofika. Mlango ulifunguka. Msumari aliingia, na akaufunga vizuri nyuma yake ili baridi isimpige.

Habari ya pesa tuiache. Leo hatukuja kudai.

Kazi iliyomlisha marehemu na familia yake ilikuwa ya marumaru. Tangu mwaka 2001 mpaka alipolazwa kitandani alikuwa fundi katika karakana ya kukata mawe ya meza za jikoni, ngazi na vigae. Mafundi wenzake mliopo hapa mnaijua kazi ile. Mashine ya kukatia inatakiwa imwagiwe maji muda wote ili vumbi lisiruke, lakini pampu ya maji ilikuwa mbovu siku nyingi kuliko ilivyokuwa nzima, na mwenye karakana alikuwa mtu wa haraka. Basi jiwe likakatwa kavu. Vumbi jeupe lilijaa mle ndani hata watu wakawa wanajuana kwa sauti. Walijifunga vitambaa mdomoni, jioni wakavikung'uta, kesho yake wakavifunga tena.

Humo ndimo alimotungia. Hakuwahi kuandika mstari hata mmoja, alisema ukiandika neno linalala. Mashine ilipopanda sauti naye alipanda, ilipozama kwenye jiwe naye akashuka, na mwenzake wa upande wa pili wa meza anasema alikuwa akirudia sentensi moja asubuhi nzima, akibadilisha neno moja tu, mpaka ikakaa. Jioni alikwenda studio akiwa mweupe nywele mpaka viatu. Studio yenyewe ilikuwa chumba nyuma ya duka la simu, magodoro yamepigiliwa ukutani. Alisimama mbele ya maiki, akachana wimbo mzima, akaenda zake nyumbani kuoga. Msumari alibaki na ile sauti. Aliisikiliza wiki nzima, akaiga kila kitu: wapi sauti inapanda, wapi ulimi unaburutwa, wapi pa kuvuta hewa. Kisha akarekodi juu yake, na sauti ya Redio ikafutwa.

Tumpe Msumari haki yake, alikuwa na sikio. Aliiga vizuri mno, na hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama.

Kifua cha ndugu yetu kilianza kumsumbua mwaka 2013. Katikati ya mstari pumzi ilimkatika. Alilazimika kuivuta kwa nguvu, kwa ghafla, kisha akalitupa neno la mwisho. Alikuwa anaumwa. Lakini Msumari, aliyekuwa na kazi ya kunakili tu, hakujua kutenganisha ufundi na maradhi. Alinakili vyote. Wimbo ukatoka mwaka uliofuata ukiwa na ile pumzi ya kukatika ndani yake, na watu wakapagawa. Wakaipa jina, mkato. Kila kijana mwenye maiki akawa anapiga mkato. Kwenye maonyesho uwanja mzima ulivuta hewa kwa pamoja kumsalimu Msumari. Watoto wa shule walikuwa wakipiga mkato wakiitwa majina darasani.

Msumari alialikwa redioni, kipindi cha wasanii kuzungumzia safari zao. Ndugu yetu alikuwa jikoni kwake, anamenya viazi, mkewe anasuka mteja sebuleni, na dada yake alikuwepo. Mtangazaji aliuliza, "Huu mkato, kaka, uliutoa wapi?"

Msumari alishusha sauti kama profesa. "Huu mkato ni utafiti. Watu wanadhani hip hop ni kelele. Mimi nilikaa chini, nikajiuliza, msikilizaji anaogopa nini? Anaogopa kimya. Kwa hiyo namuweka ukingoni kidogo, halafu namuachia."

"Utafiti!" mke wa Redio alisema, kitana kikiwa hewani. "Huyo amefanyia utafiti kifua cha mume wangu."

Redio alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, akajishikilia kwenye meza. Kilipomwachia hakucheka tena. Alichukua kiazi kingine akaendelea kumenya. Dada yake alimwambia, "Mpigie simu. Mwambie aseme ukweli, au nitasema mimi." Akajibu, "Dada, tuliapa." Tangu siku hiyo dada yake hajalipenda neno kiapo.

Tumeruka ndoa, turudi. Marehemu alifunga ndoa tarehe 13 Desemba 2008 na msusi aliyekuja karakana kuagiza meza ya saluni yake. Alimpigia soga huku anapima, soga ikakolea, akaikata meza fupi kuliko ukuta. Alirudi mara nyingi zaidi kurekebisha kosa hilo kuliko lilivyohitaji, kila mara akipima upya huku akiuliza kama mwenye saluni ameshakula. Meza ile ipo mpaka leo, na pengo lake limezibwa kwa ubao. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 2010 na mdogo wake wa kiume.

Binti huyo alikuwa mboni ya jicho la baba yake, na alikuwa mshabiki wa kufa wa Msumari. Picha ya Msumari ilikuwa juu ya kitanda chake, kubwa kama mlango. Kila asubuhi Redio aliingia kumwamsha mwanawe chini ya picha ile. Siku moja alimkuta mbele ya kioo anajifunza kupiga mkato, anavuta hewa kwa ghafla na kubana kifua. Alisimama mlangoni akatazama kwa muda.

"Mwanangu, usivute hivyo. Inauma."

"Ah, baba," binti akasema bila kugeuka. "Wewe hujui hip hop."

Baba yake alikubali kwamba kweli hajui, akaenda kazini. Lakini tangu hapo alikuwa na jambo moja tu alilolitaka, na alilisema wazi kwa mkewe na kwa dada yake: wimbo mmoja utoke na sauti yake mwenyewe. Hakutaka umaarufu wala picha ukutani. Alitaka binti yake awashe redio amsikie baba yake.

Mwaka 2022 daktari aliwaonyesha picha ya mapafu. Vumbi la miaka yote lilikuwa limeganda ndani, na hakuna dawa ya kulitoa. Aliacha kazi. Mtungi wa oksijeni ukaletwa chumbani, ukakaa upande wa kitanda ambao zamani alilala mkewe. Mwanzoni mwa mwaka huu alimwita Msumari, na Msumari alikuja, hilo hatutamnyima. Redio alimwambia, "Zamu yangu imefika, kaka. Beti moja. Sauti yangu."

Msumari alimshika mkono. "Hata ungetaka albamu nzima."

Alimleta fundi mitambo na maiki mpaka chumbani. Mke wa Redio alitundika mablanketi dirishani. Mchomelea vyuma wa jirani aliombwa azime mashine, akazima, akakaa nje mlangoni na wateja wake wakimsubiri. Redio alitoa bomba la hewa puani, akachana maneno machache, akalirudisha, akapumua, akatoa tena. Beti ile ilichukua mchana kutwa. Ilimhusu binti anayejifunza kuhema mbele ya kioo, na baba mlangoni anayetamani kumpa mapafu asiyo nayo. Alipofika mwisho Msumari alilia. Yalikuwa machozi ya kweli, dada yake aliyaona kwa macho yake na hatayakana. Msumari akasema, "Kaka, hii inatoka kama ilivyo. Neno langu hilo."

Ilitangazwa kwamba wimbo utatoka Ijumaa. Familia ilikusanyika chumbani, mama, mke, watoto, dada na mdogo wake. Redio alivaa shati lililopigwa pasi. Alimwambia binti yake, "Leo ndiyo siku ya kujua kama baba yako anajua hip hop," na mkewe akamsimulia mtoto yote aliyofichwa, kuanzia dawati la shule. Binti alitoka akaenda chumbani kwake, tukasikia karatasi ikichanwa ukutani. Akarudi, akapanda kitandani kwa baba yake, wakashikana mikono kusubiri.

Wimbo ukaanza. Ilikuwa sauti ya Msumari. Tukasema labda anatangulia, anamkaribisha. Ikafika ile beti, maneno yale yale, binti, kioo, mlango, na sauti ikawa bado ya Msumari. Ikaendelea hivyo mpaka mwisho. Lakini katikati ya maneno kulikuwa na kitu kingine, na mkewe ndiye aliyekitambua kwanza, kwa sababu alilala kando yake akikisikiliza miaka yote. Zilikuwa pumzi za Redio. Walizikata kutoka kwenye sauti aliyorekodi kitandani, wakazipachika kati ya maneno ya Msumari, moja moja. Mtu mwenye mapafu mazima hawezi kuvuta hewa namna ile, hata afanye utafiti gani.

Binti yake alisubiri mpaka muziki ukaisha kabisa na tangazo likaanza. Akauliza, "Baba, mbona sijakusikia? Wewe uko wapi?"

Redio akamjibu, "Niko hapo katikati, mwanangu. Pale pasipo na neno."

Dada yake alimpigia Msumari siku ile ile. Msumari alipokea, akawa mpole sana. "Dada, nakuelewa. Lakini sauti yake ilikuwa dhaifu, kampuni ya muziki wamesema haitapigwa redioni. Nilipigana, nakuapia. Ila pumzi tumeziacha. Tumeona ni heshima kwake." Dada yake aliomba basi wapewe ile sauti ya kitandani, hata kwenye simu, mtoto aisikie nyumbani. Akaambiwa ni mali ya kampuni. Aliomba tena kwa meneja wa Msumari, na tena kwa fundi mitambo, na fundi mitambo ndiye aliyesema ukweli: pumzi zilipokwisha kukatwa, yaliyobaki yalifutwa.

Ndugu yetu hakuuliza lolote kuhusu jambo hilo, wala hatukumwambia. Aliacha kutunga. Mtu aliyeongea tangu alipojua kuongea, alinyamaza. Alifariki nyumbani Jumanne asubuhi, tarehe 4 Juni 2024, mkewe akiwa amemshika. Dirisha lilikuwa wazi, na kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara ule wimbo ulikuwa unapigwa.

Marehemu ameacha mama, mke, binti, mtoto wa kiume, dada na mdogo wake, pamoja na mafundi wenzake, ambao wengine tunawasikia wakikohoa hapo nyuma. Tunawasihi waende hospitali wiki hii, wasingoje. Meneja wa Msumari ameomba msanii wake naye atajwe, kama rafiki wa kufa na kuzikana. Tunamtaja. La kuzikana amelitimiza, amekuja.

Katika ratiba mlizoshika imeandikwa kwamba baada ya wasifu huu Msumari ataimba wimbo ule kwa heshima ya marehemu. Ratiba ilichapwa kabla mjane hajaulizwa. Alipoulizwa jana, hakukataa. Alisema, "Aimbe, ila atumie pumzi zake mwenyewe. Zile za mume wangu zitolewe." Meneja alikwenda kushauriana, akarudi na kusema kwamba bila zile pumzi wimbo haukai. Kwa hiyo hautaimbwa, na spika zile nyeusi tunaomba zirudishwe kwenye gari.

Sasa tutakwenda kumlaza. Tumesikia kwamba vijana walio nje ya geti wamepanga kumuaga kwa mkato wa pamoja jeneza litakaposhuka, kama wanavyofanya uwanjani. Tunajua mmekusudia mema. Binti yake ameomba isemwe hivi, na dada yake anaisema kama alivyoambiwa: tafadhalini, msipige mkato. Hiyo ilikuwa sauti ya baba yake akikosa hewa. Atakaposhuka, pumueni tu kama kawaida, polepole, mpaka mwisho. Nayo amani imfikie ndugu yetu huko aliko.